Nimezunguka vyuo na maktaba za zamani Manchester: wapi ukae, wapi upite tu

Naanza na iliyoniudhi ili niiteme kabisa. Nililipia matembezi ya kuongozwa, kampuni siitaji jina, masaa mawili kwa miguu, tangazo lilisema ni ziara ya shule na vyama vya wasomi wa Manchester ya zama za viwanda. Nikamchukua na mtoto wa dada yangu, ana miaka 14, mvua ile ya Manchester isiyonyesha wala kuacha, na yule mwongozaji katusimamisha kwenye kona nusu saa nzima anatuonyesha baa ambayo wachezaji mpira wanakunywa. Nimekuja kwa ajili ya shule bwana! Nikamnong'oneza kijana, tukachomoka taratibu kama watu wanaotoka msibani kabla ya kula, tukaenda zetu kutafuta chipsi. Nimeshika chaki sekondari miaka 11 kabla sijahamia huku, kwa hiyo nikasema hii ziara nitajiongoza mwenyewe. Siku mbili, buti moja, na hela kidogo sana maana karibu kote ni bure.

Chetham's Library ndo pa kuanzia, na ukiwa na muda wa sehemu moja tu basi nenda hapo. Ipo ubavuni mwa stesheni ya Victoria, unatoka kwenye treni unavuka barabara umefika, na jengo lenyewe ni la 1421, lilijengwa kwa ajili ya mapadri, yaani limekaa pale miaka zaidi ya mia tatu kabla hata viwanda vya pamba havijaota. Humphrey Chetham alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, hakuoa, hakuacha mtoto, alipofariki 1653 wosia wake ukasema pesa ziende kwenye shule ya watoto 40 wa kimaskini na maktaba ya watu wote. Na aliweka sharti ambalo nililirudia kichwani siku nzima, kwamba mkutubi asimdai chochote mtu yeyote anayeingia kusoma. Asimdai chochote! Mimi niliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya michango nilisimama pale nikameza mate. Ndo maana wanasema ni maktaba ya umma ya bure kongwe kuliko zote kwenye nchi zinazosema Kiingereza.

Huwezi kuingia ukazurura peke yako, lazima uweke nafasi uzungushwe, maana ile shule ya maskini siku hizi ni shule ya muziki na watoto wako darasani. Kwangu hiyo ilikuwa faida, unapanda ngazi huku mtu chumba cha pili anarudia mstari uleule wa vayolini mara nane. Juu kuna korido ndefu ya mbao nyeusi, rafu kila upande na kila kichumba cha rafu kina kigeti chake cha mbao cha kufunga, zamani vitabu vilifungwa minyororo, na kuna stuli ndogo za mwaloni ambazo katikati zimetobolewa tundu la umbo la S ili upitishe vidole uibebe kwa mkono mmoja, mkono wa pili ubaki na kitabu. Fundi aliyewaza hilo alikuwa msomaji, nakuapia.

Halafu kuna ile meza. Kiangazi cha 1845 Karl Marx na Friedrich Engels walikaa kwenye kona ya dirisha ya chumba cha kusomea wakichambua vitabu vya uchumi na vya hali ya maskini, Engels akiwa ni mtoto wa tajiri ambaye familia yake ina hisa kwenye kiwanda cha nyuzi Salford, jirani tu na Manchester. Wageni wanatoka mpaka China kuja kuiona. Mwenzangu hakushtuka sana, alikaa akauliza kama kuna waifai. Ila mimi kilichonishika ni kitu kidogo, mwaka 1870 Engels alimwandikia Marx kwamba amerudi kukaa kona ileile na anapapenda kwa sababu vioo vya rangi vya lile dirisha vinafanya nje kuonekane hali ya hewa nzuri muda wote. Nikachungulia, nje mvua, ndani kweli kama jua la saa kumi. Nyota 5, sina la kuongeza.

Portico Library, mtaa wa Mosley, mlango uko pembeni mtaa wa Charlotte, usije ukaingia baa ya chini kama sisi (kijana alicheka sana). Hii ni kinyume cha Chetham's, ilifunguliwa 1806 kwa watu 400 waliotoa hela zao, matajiri wa pamba, madaktari, mawakili, walitaka mahali pa kusoma magazeti na vitabu bila kusukumana na watu wa mtaani. Leo mgeni yeyote anapanda na anakaribishwa. Kuba la kioo juu, rafu zina majina ya zamani yameandikwa kwa dhahabu, moja inaitwa kitu kama Fasihi ya Watu wa Adabu, nikajiuliza fasihi ya wasio na adabu wameiweka wapi. Katibu wao wa kwanza alikuwa Peter Mark Roget, daktari, ambaye baadae alikuja kupata jina kwa kitabu chake cha kupanga maneno kwa maana.

Hadithi ya hapo ninayoipenda ni ya John Dalton. Mtu wa atomu huyo, mliosoma kemia mnamkumbuka. Ada ya Portico hakulipa, walimpa uanachama bure kwa kazi ya kuisimamia saa ya ukutani. Fikiria, mtu anayebadilisha sayansi ya dunia anapanda kutazama saa ili apate kusoma magazeti! Kipato chake kilikuwa tuisheni, anafundisha watoto wa watu hesabu, mmoja wao James Joule, yule wa jouli, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia cha Salford. Chama chake hasa kilikuwa kile cha Fasihi na Falsafa cha Manchester kilichoanza 1781, hapo ndo alisoma makala yake 1794 kueleza kwamba yeye mwenyewe haoni rangi sawasawa, na alikuwa rais wake toka 1817 mpaka anafariki 1844. Chama kipo hai mpaka leo ila nyumba yake ya mtaa wa George usiitafute, mabomu ya Wajerumani ya Desemba 1940 yaliichoma pamoja na karatasi nyingi za Dalton. Portico naipa 4.

Sasa hapa ndo penye ugomvi wangu, kwenye Mechanics' Institute, 103 mtaa wa Princess. Wazo lake zuri sana, 1824 matajiri na mainjinia, William Fairbairn akiwemo na Benjamin Heywood mwenye benki, walikaa wakasema tuanzishe chuo cha jioni mafundi wajifunze sayansi ya kazi zao. Kwetu tungeita ngumbaru. Bibi yangu alisoma ngumbaru chini ya mwembe, anatoka shamba jioni na jembe lake anaandika a e i o u huku anasinzia, kwa hiyo mimi nawaelewa kabisa wale watu, masaa 12 kiwandani halafu ukae usikilize mhadhara wa mvuke. Tatizo ada ilikuwa shilingi 5 kwa robo mwaka (shilingi ndiyo, tumeirithi kwao wao wakaitupa), na lugha ya mihadhara ilikuwa ya wasomi, matokeo yake viti vikajaa makarani na wauza duka, mafundi wenyewe wachache. Siasa na dini marufuku kujadili. Na wakurugenzi wanachaguliwa na waliochanga pesa nyingi, wanafunzi hawana kura.

Ndo akatokea Rowland Detrosier. Huyu jamaa alikuwa mkata fastiani, ile ni kitambaa kizito cha pamba, mkataji anatembea pembeni ya fremu na kisu chembamba kirefu anapasua nyuzi mstari kwa mstari ili kitambaa kipate manyoya, ukiteleza kidogo umetoboa na hasara ni yako. Amejisomea mwenyewe usiku, sayansi kajifundisha. Mwaka 1829 yeye na wenzake wakasema basi, wakajitoa wakafungua chuo chao wenyewe, ada ndogo na kura wanapiga wao, Detrosier akawa rais. Hakikudumu sana, hela hakuna, ila kiliwatia aibu wakubwa mpaka wakaanza kulegeza na wanachama wakapata kura. Alifariki London 1834 na mwili wake aliagiza wapewe madaktari wafundishie. Hata maiti yake ilienda darasani! Na huyu mtu yule mwongozaji wetu hakumtaja hata kwa bahati mbaya.

Unaona nini ukifika? Jengo la tofali, limejengwa miaka ya 1850 baada ya lile la kwanza kuwa dogo, na kibao ukutani kinachosema kongamano la kwanza la vyama vya wafanyakazi Uingereza lilifanyika hapo 1868, wajumbe 34 tu. Unapiga picha unaondoka. Hakuna stuli wala meza ya kukalia, yaani Marx aliyepita kiangazi kimoja ana kona yake na mkata fastiani aliyeanzisha chuo hana hata msumari. Ukumbi wa Sayansi wa wafuasi wa Robert Owen, yule mwenye kiwanda aliyehubiri ujamaa, pale Campfield ndo kabisa, wafanyakazi waliujenga 1840, maelfu walikuwa wanaingia kusikiliza mihadhara Jumapili, halafu ukanunuliwa na 1852 mji ukafungua humo maktaba yake ya bure, Charles Dickens alikuwepo kwenye ufunguzi, na leo jengo halipo. Sitoi nyota, nitatoaje nyota kwa kibao.

Ila kwa sisi wa Afrika Mashariki usiishie hapo, shuka barabara ya Oxford mpaka All Saints, dakika kama 10 au 15. Chuo Kikuu cha Manchester Metropolitan kinahesabu ukoo wake mpaka kwenye ile Mechanics' Institute, na pembeni hapo wameacha uso wa nguzo wa jengo la zamani la halmashauri ya Chorlton-on-Medlock. Kibao chake kinasema Oktoba 1945 Kongamano la 5 la Waafrika lilikaa hapo, Jomo Kenyatta ndani, Kwame Nkrumah ndani. Kwa hiyo mji uliokuwa ukituuzia nguo, mpaka kanga zikichapwa huko, ndo hapohapo wazee walikaa kupanga namna ya kuwatoa wakoloni. Hapo kijana alipiga picha bila kuambiwa.

John Rylands nitasema kwa kifupi maana wote wanaijua, ile ya Deansgate inayofanana na kanisa. Mjane Enriqueta Rylands, mzaliwa wa Havana, aliijenga kumkumbuka mumewe tajiri wa pamba, ikafunguliwa kwa wasomaji siku ya 1 Januari 1900. Chumba cha kusomea kiko juu kuepuka kelele na uchafu wa barabara, umeme toka siku ya kwanza kwa sababu gesi ingeharibu vitabu, hata hewa ilichujwa moshi. Pazuri mno, bure, kuna kipande cha papairasi cha Injili ya Yohana ambacho ni kati ya vipande vikongwe vya Agano Jipya vilivyobaki duniani. Ila pamejaa watu wa selfi na mimi ni mtu wa kukaa. Kijana kavutiwa zaidi na vyoo vya zamani vya kule chini, na kiukweli ni vizuri. Nyota 4.

Siku ya pili tukavuka mto kwenda Salford, Working Class Movement Library, 51 The Crescent. Hii sikuipanga, ni mtu wa Chetham's aliyenisikia nalalamika kuhusu Detrosier ndo akaniambia nenda kule. Mume na mke, Edmund Frow fundi mitambo na Ruth Frow mwalimu, walianza kukusanya vitabu vya wafanyakazi miaka ya 1950, likizo zao wanazunguka na gari maduka ya vitabu vya mtumba nchi nzima, mpaka nyumba yao ikajaa hawana pa kupita, 1987 halmashauri ikawapa hili jengo. Wote wameshafariki. Hulipi kitu, unabonyeza kengele kama unaenda kwa jirani. Ndani ni vyumba vya nyumba ya kawaida, rafu mpaka kwenye ngazi, vijitabu vya senti, kumbukumbu za mikutano za vyama vya mafundi zilizoandikwa kwa mkono, nyaraka za Wachartisti, wale wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura.

Nikaomba chochote cha wafanyakazi kujisomesha. Nikaletewa kijitabu kwenye mto wa sponji, kurasa zimelainika kama noti iliyozunguka sokoni mwaka mzima, pembeni mtu kachora mistari kwa penseli na sehemu moja kaweka alama ya kuuliza, kubwa, imekandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Sijui hakuelewa au alikuwa anabisha. Kijana akapitisha kidole juu bila kugusa, akasema "mjomba, huyu alikasirika". Tulikaa masaa matatu na hakuuliza waifai.

Nyota 5 hapo pia. Angalieni siku na saa za kufungua kabla ya kwenda, na kama unataka kusoma kitu maalum waandikie mapema wakutolee stoo. Ukishuka stesheni ya Salford Crescent unatembea kidogo tu, vyakula beba, mvua ndo kama nilivyosema.