Mashine za masikio za baba: miezi 7 nyumbani

Baba alisaga mahindi kwenye kinu cha posho hapa Njoro kwa miaka 31, na masikio hakuyaziba hata siku moja. Mwaka jana tukaanza kunong'onezana kwamba akili inamtoka. Unamuuliza kama amekula, anakujibu habari za ng'ombe. Akaacha kukaa na wageni, akaacha hata kikao cha wazee kanisani. Mimi ndiye ninayemtunza, na nililia usiku.

Kumbe hakuwa anasikia.

Mara ya kwanza niliuziwa mjini Nakuru kidude cha kukuza sauti cha shilingi 2,500. Tafadhali msikinunue. Kinakuza kila kitu, mlio wa sufuria kama sauti ya mtu, na baba alikivua siku ya pili. Duka la pili walifanya kazi. Walimchungulia masikio, wakatoa nta, wakamketisha kwenye kibanda kimya abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Grafu ilionyesha kwamba sauti nyembamba ndizo zilizopotea, zile za s, f na t, ndiyo maana alijua mtu anaongea lakini maneno hayashiki. Tulilipa 96,000 kwa masikio yote mawili: fahali mmoja na mchango wa dada yangu.

Wiki mbili za kwanza alilalamika hata karatasi inampigia kelele. Alianza kwa saa mbili kwa siku, tukaongeza polepole, na dukani walizirekebisha mara tatu bila malipo. Betri ni namba 13, zenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukikibandua, ngoja kidogo betri ipate hewa ndipo uiweke ndani ya mashine. Vidole vyake haviziwezi, kwa hiyo nazibadilisha mimi kila Jumamosi. Akivuta kofia chini, mashine hupiga mluzi.

Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili) duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kupungua kwa usikivu ni mojawapo, presha pia, na dawa za presha baba anameza. Bado husahau alipoweka funguo. Lakini juzi, akiwa mlangoni, alimsahihisha mjukuu wake aliyekuwa akihesabu gorogoro za mahindi jikoni, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Duka hilo la pili nalipatia nyota nne. Liko ghorofa ya pili, hakuna lifti, na wateja wao ni wazee. Nimewaambia.