Tulivyokodi nyumba ya kale Shela, Lamu, na kula kwa mfuko wetu

Tulikuwa kundi kubwa: ndugu, wakwe, watoto, na mama mkwe asiyeweza kupanda ngazi. Kwa hesabu ya vyumba, hoteli ingetumaliza. Tukakodi nyumba nzima Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, nyumba ya mawe ya zamani iliyokarabatiwa, ghorofa mbili na baraza la makuti juu kabisa. Tulipogawana, kila familia ililipa chini ya bei ya chumba kimoja cha hoteli pale pale kijijini. Chakula ni juu yenu wenyewe, na hapo ndipo pa kuulizia vizuri kabla hujatuma pesa.

Nyumba kwanza. Ni matumbawe na chokaa, kuta nene hadi mtoto anajikunja kwenye dirisha akalala. Vyumba ni virefu na vyembamba kama mabehewa ya treni, kwa sababu ya boriti. Dari la mawe na chokaa ni zito, na gogo la mkoko halilibebi likizidi mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo fundi wa zamani alirefusha chumba badala ya kukipanua. Ukishaweka kitanda cha samadari, mnapishana kwa ubavu. Na usitarajie mlango kati ya msana, yaani ukumbi wa mbele, na ndani, chumba cha nyuma kabisa: ni pazia tu. Walio kwenye fungate wajue hilo, na wenye mkwe anayekoroma pia.

Chumba cha ndani kina ukuta mzima wa zidaka, vijishimo vya ukutani vyenye nakshi, ambako zamani walipanga vyombo vya kaure. Mwenye nyumba amekuwa na adabu, hakuzijaza vinyago vya kuuzia watalii. Zaidi ya hapo nilipenda kwamba ukarabati ulifanywa kwa chokaa. Ukuta wa matumbawe ukiupiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi vinanaswa ndani, halafu plasta inaanza kubanduka. Nyumba ya pili kutoka yetu ilikuwa hivyo, vipande vimelala kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, kila asubuhi. Yetu ilikuwa imetulia, na ndani kuna baridi hata saa nane mchana bila kiyoyozi.

Maji ya kuoga yako birikani, yaani tangi la kujengwa, na ndani yake mna visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Watoto walivipa majina. Mwangalizi wa nyumba alituomba tusichezee maji, akiwa na haki kabisa: maji matamu ya Shela na ya Lamu mjini hutoka kwenye visima vya vilima vya mchanga nyuma ya kijiji, na mahitaji yanazidi kukua. Pampu inawashwa asubuhi na jioni. Mkitoka baharini wote pamoja mkataka kuoga saa tisa, mtachota kwa kata.

Sasa jiko. Tangazo lilisema "jiko kamili". Tulikuta jiko la gesi, friji moja, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, sufuria za kutosha shughuli, na visu ambavyo haviwezi kukata hata nyanya. Oveni hakuna. Tena jiko liko chini uani na watu hula juu barazani, kwa hiyo kila sahani inapanda ngazi mbili zilizosimama wima, zisizo na pa kushikia. Vijana ndio waliokuwa lifti. Mama mkwe tulimtandikia chini, na mara nyingi tulikula naye huko huko uani, jambo ambalo kwa kweli lilipendeza kuliko barazani.

Nyumba nyingi za Shela huja na mpishi. Mshahara wake umo kwenye kodi, nyinyi mnanunua vitu. Shemeji yangu alitaka tumpe mapumziko tujipikie wenyewe. Nilikataa, na asubuhi ya kwanza ufukweni ikanipa haki. Mashua zilikuwa zinaingia. Mpishi akainua kolekole wa mvuvi mmoja, akafunua shavu kwa kidole gumba, akaona weupe badala ya wekundu, akamrudisha taratibu. "Huyu amelala, mwanangu." Akahamia kwa mwingine, akachagua changu na tafi, akabishana bei kwa sauti ya chini hadi mvuvi akacheka. Kisha akanigeukia: "Dada, hawa wakubwa tutawapaka. Hawa wadogo wa usiku, wa kukaanga." Mimi peke yangu ningelipa maradufu na kurudi na yule aliyelala. Samaki wa kupaka aliotutolea mchana ule, na wali wa nazi na kachumbari ya embe, sina la kusema.

Pesa za sokoni mpe kila asubuhi na muandikiane kwenye daftari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta daftari, hakuna aliyenuna.

Mboga na matunda msinunue Shela kama mko wengi. Karibu kila kitu huvushwa kutoka bara, na maduka ya kijijini yanaongeza chake. Nendeni soko la Lamu mjini, karibu na Ngome, boma la kale. Ni kama kilomita tatu kwa miguu kando ya bahari, lakini ulizia maji kwanza. Yakijaa, njia inamezwa, na mtarudi kwa boti mkitaka msitake.

Siku moja mpishi alitufungia mahamri, mbaazi na viazi karai tukaenda Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda. Wenyeji wa Shela husema asili yao ni huko, na mpaka leo huenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara. Mlangobahari wa mikoko huingilika maji yakiwa juu tu, kwa hiyo nahodha ndiye mwenye saa, si nyinyi.

Malalamiko ninayo. Dalali tuliyempata mtandaoni alitutoza ada ya usafi mara mbili, mara ya kwanza kwenye malipo, mara ya pili mlangoni, na simu yake ikawa haipatikani. Gesi ilikatika wali ukiwa jikoni. Mtungi wa akiba haukuwepo, tukanunua wenyewe, na punda aliyeubeba tukamlipia pia. Kelele je? Madirisha ni mbao tupu bila vioo, kwa hiyo punda wakianza kugombana usiku unashiriki ugomvi. Msikiti wa Ijumaa wenye mnara wa mwaka 1829 uko karibu, na adhana ya alfajiri inaingia hadi kitandani. Mimi sikuona tatizo, lakini wageni wetu kutoka Nairobi walilalama siku mbili za mwanzo. Shela ni kijiji cha Waislamu chenye watu wake, si kambi ya watalii. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni, tupa kanga juu, na muziki wa barazani usikike barazani tu.

Tulienda wakati wa upepo wa kaskazi, bahari imetulia na samaki tele. Kusi ikivuma mambo hubadilika, wavuvi hawatoki kila siku, na mvua za masika zikianza, nyumba na hoteli nyingi hufunga. Krismasi na Pasaka bei hupaa.

Tutarudi Januari, nyumba ile ile, ila bila dalali. Namba ya mwangalizi tunayo, tumeshaelewana naye kodi, na tumemwambia aandike kabisa: mitungi miwili ya gesi. Visu tutabeba vyetu.