Kipaza sauti cha mkononi cha wati 25: kinafaa ofisini kwa mbunge, hakifai getini kwake

Kipaza sauti hiki chenye pembe, mkanda wa begani na kitufe cha king'ora hakikosi kwenye maandamano ya Kenya. Uwanjani, mbele ya watu mia mbili tatu, kinatosha kabisa. Lakini tangu Juni 2024, pale hasira dhidi ya Mswada wa Fedha ilipofika hadi kwenye nyumba na biashara za baadhi ya wabunge, wengi wanauliza kama ni sawa kukibeba mpaka nyumbani kwa kiongozi. Kwa maoni yetu hapana, na sababu kubwa iko kwenye sauti yenyewe.

Vingi vya aina hii hutumia mawe (betri) manane makubwa ya D, jumla volti 12. Weka ya alkali. Yale ya bei ya chini huzidiwa ukiongeza sauti: volti hushuka na maneno huanza kukatika. Usichanganye mapya na yaliyotumika, kwa sababu lililochoka huvuja na kuozesha springi. Shika maikrofoni vidole vitatu kutoka mdomoni, sema polepole, usipige kelele. Ukipiga kelele amplifaya huzidiwa, na sauti za s, t na k, ambazo ndizo hutofautisha neno na neno, huvurugika.

Getini tatizo hilo huongezeka. Ukisimama mita 2 kutoka kwenye ukuta wa mawe, sauti hugonga na kurudi kwenye maikrofoni, na chombo kinapiga mluzi. Tena sauti nyembamba kama s na t hazipindi vizuri juu ya ukuta, ilhali nzito hupinda na kuingia ndani. Kwa hiyo aliye sebuleni hasikii "pesa za basari ziko wapi". Anasikia mngurumo wa kundi ambalo hajui limekuja kufanya nini, na mtoto anayefanya kazi ya shule mezani anausikia pia. Maneno yamewafikia majirani tu.

Kifaa kinachotoa desibeli 110 kwa mita 1 hupoteza takriban 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo kwa mita 20 bado ni 84. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaruhusu 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 tu kuanzia saa mbili usiku. King'ora ndicho kibaya zaidi: kinamaliza mawe haraka na hakibebi dai lolote. Kizibe kwa solotepu kabla ya kutoka.

Si kila maandamano karibu na nyumba ni vitisho. Ibara ya 37 ya Katiba inalinda haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na haikuzitenga nyumba za viongozi. Ibara ya 31 nayo inalinda faragha. Marekani, katika kesi ya Frisby dhidi ya Schultz ya 1988, iliyotokana na watu kukusanyika nje ya nyumba ya daktari mmoja huko Brookfield, Wisconsin, Mahakama ya Juu ilikubali marufuku ya kuganda mbele ya nyumba moja, lakini ikaacha wazi haki ya kupita mtaani. Mpaka huo tunaukubali. Kupita mchana, ukasoma dai lako na kuendelea, ni maandamano. Kuganda usiku mbele ya geti moja na kutaja shule wanayosoma watoto ni vitisho, hata kama hakuna jiwe lililorushwa. Aliye ndani hana pengine pa kwenda.

Kipeleke ofisi ya eneo bunge. Peleka notisi kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, siku 3 hadi 14 kabla, ukitaja waandaaji, mahali au njia, na muda kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Msemaji apande ngazini, pembe ipite juu ya vichwa na iinamishwe kidogo kuelekea walio nyuma, naye asome madai yaliyoandikwa.

Ukinunua, chagua chenye maikrofoni ya waya inayotenganishwa na pembe. Mluzi hupungua sana. Chenye swichi moja ya kuongea na king'ora kiache dukani, maana kwenye msukumano kidole huteleza.