Miezi sita na kampuni ya mahusiano ya umma: tathmini kutoka Lindi

Mradi ninaouratibu hapa Lindi unaandika safari ya ufuta kwenye blokcheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, tangu mzigo unapopokelewa katika ghala la chama cha msingi hadi unapomfikia mnunuzi China. Una tokeni yake, yaani sarafu ya kidijitali ya mradi, na wengi wa walioinunua wako Ulaya, Marekani, Hong Kong na Singapore. Wanunuzi wa ufuta wenyewe wako China bara, hasa mji wa bandari wa Qingdao, na hao hawakuuziwa tokeni. Wote wanafuatilia mradi mmoja, lakini hawasomi lugha moja wala hawakutani mahali pamoja. Kwa sababu hiyo tuliiajiri mwaka jana kampuni ya mahusiano ya umma yenye ofisi mbili, moja ya Kichina na moja ya Kiingereza, kwa ada ya dola 3,500 kwa mwezi. Baada ya kufanya kazi nayo miezi sita, naona ni haki niwaeleze Watanzania wenzangu wanaofikiria huduma ya aina hii, kwa kuwa fedha yenyewe si ndogo.

Mwezi wa kwanza ulinitia mashaka. Ofisi ya Kichina ilipokea taarifa zilizokwisha kuandikwa kwa Kiingereza, ikazitafsiri na kuzisambaza. Tafsiri zilikuwa sahihi. Nilisoma China miaka minne na nilizikagua mwenyewe. Kasoro ni kwamba zilijibu maswali ambayo Wachina hawakuuliza. Katika makundi yetu ya Kiingereza kwenye Telegram na Discord, programu za mazungumzo ya mtandaoni, watu walitaka kuona msimbo wa programu, ratiba ya kazi na mgawanyo wa tokeni, na hasira zao walizitoa hadharani. Katika makundi ya WeChat, programu ya mazungumzo ya Wachina, ambamo wenye tokeni wa Hong Kong na Singapore wamechanganyika na wafanyabiashara wa Qingdao, waliuliza mzigo uko ghala gani, mwenye ghala ni nani, na stakabadhi yenye muhuri iko wapi. Asiyeridhika mara nyingi alinyamaza kundini, kisha akamwandikia faraghani mtu anayemwamini. Hata vyombo vyenyewe havifanani. Kundi la Telegram hubeba hadi watu 200,000, ilhali la WeChat hukomea watu 500, kwa hiyo jumuiya ya Kichina ni makundi mengi madogo, kila moja na kiongozi wake, na habari hupita kutoka kwa mtu hadi mtu.

Zaidi ya hayo, Wachina wanaonunua sarafu za kidijitali wana neno wanalojiita kwa uchungu, jiucai, yaani mboga ya jamii ya kitunguu ambayo hukatwa, ikachipua, ikakatwa tena. Anayejiona hivyo hasubiri maelezo marefu ratiba inapobadilika.

Jambo hilo tulilipata mwezi wa Juni, katikati ya msimu wa ufuta. Waandishi wa programu waliomba kuahirisha toleo jipya kwa wiki tatu, na ofisi ya Kiingereza ikatoa taarifa saa kumi jioni ya New York. Hapa Lindi ilikuwa saa tano usiku, na Qingdao saa kumi alfajiri, wakati wafanyakazi wa ofisi ya Kichina wamelala. Kabla hawajaamka, mtu alikwisha kupiga picha ya ujumbe wa Telegram, akautafsiri kwa mashine, na neno la kuahirisha likageuka kuwa kufuta. Ilipofika saa mbili asubuhi kwao, tetesi zilikuwa zimeenea kwamba mradi umekufa na malipo ya awali ya ufuta yameliwa. Simu yangu iliita saa tisa usiku. Kulipopambazuka nilikwenda ghalani kupiga picha za magunia, nikiwa na mwenyekiti wa chama, ambaye alikuwa na kila sababu ya kukasirika.

Kampuni inayojitangaza kuwa na uzoefu wa pande zote mbili haikupaswa kuteleza hapo, kwa maana historia ya sarafu hizi imekwisha kutoa somo. Mwezi wa Februari 2016, wachimbaji wa sarafu ya Bitcoin, yaani wenye kompyuta zinazothibitisha miamala yake, wengi wao Wachina, walikutana Hong Kong na baadhi ya waandishi wa programu ya Bitcoin, wakatia saini makubaliano kuhusu ukubwa wa bloku, yaani fungu la miamala linaloandikwa kwa mara moja. Upande wa wachimbaji ulihesabu saini hizo kuwa ahadi. Upande wa waandishi wa programu wengi walisema kwamba hakuna mwandishi wa programu mwenye mamlaka ya kuwasemea wenzake. Mgogoro huo wa ukubwa wa bloku uliendelea hadi sarafu mpya, Bitcoin Cash, ilipojitenga na Bitcoin tarehe 1 Agosti 2017. Tafsiri bora isingewasaidia, kwani hawakuwa wameelewana nani anaweza kuahidi.

Hata hivyo, namna kampuni ilivyorekebisha kosa lake ndiyo iliyonishawishi kwamba inaijua kazi. Mkuu wa ofisi ya Kichina hakubandika kanusho. Aliwapigia simu viongozi wa makundi mmoja mmoja, akawapelekea picha za ghala na taarifa mpya iliyofikiriwa na kuandikwa kwa Kichina, yenye jina na cheo cha mtu anayewajibika. Kabla ya magharibi makundi yalikuwa yametulia. Tangu siku hiyo hakuna tangazo linalotoka kabla matoleo yote mawili hayajakamilika, na muda uliochaguliwa ni saa tisa alasiri ya Lindi, ambayo majira hayo ni saa mbili usiku Qingdao na saa mbili asubuhi New York.

Upande wa sheria walinifaa sana. Walitukumbusha kwamba China ilipiga marufuku uuzaji wa tokeni kwa umma mwaka 2017, na kwamba tarehe 24 Septemba 2021 Benki Kuu yake na taasisi nyingine zilitangaza kuwa biashara ya sarafu hizi ni haramu, zikiwemo huduma zinazotolewa kwa wakazi wake kutoka nje. Kwa hiyo waliondoa kila neno la bei katika maandishi ya Kichina, yakabaki masuala ya ghala na mzigo tu. Kwa Marekani walitueleza kesi ya Howey ya mwaka 1946, iliyohusu vipande vya bustani za michungwa za Florida vilivyouzwa kwa watu waliotarajia faida kutokana na jasho la wengine, na ambayo hutumiwa kupima kama tokeni ni uwekezaji unaobanwa na sheria za dhamana. Nilimsimulia mwenyekiti, naye akaielewa papo hapo, kwa sababu mtu wa kusini anajua shamba linavyoweza kuuzwa kwa maneno.

Walichokisahau kabisa ni sisi. Tetesi za Juni zilifika vijijini kupitia madalali, na mjomba wangu aliniuliza, "Mjomba, hao Wachina wanadai fedha zao zimeliwa, na ufuta wetu je, umo ghalani au haumo?" Kampuni haikuwa na sentensi hata moja ya Kiswahili ya kumjibu. Haikujua kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari kuhusu sarafu hizi mwaka 2019, wala kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Niliandika taarifa za wakulima mwenyewe, usiku, na iliniumiza kwamba wenye mazao ndio waliopata habari mwisho.

Tumeongeza mkataba kwa miezi mitatu, kwa ofisi ya Kichina peke yake. Sharti tuliloliandika ni kwamba kila taarifa itaandaliwa pia kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ubao wa ghala siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri.