Hamira ya kununua Goma: bonyeza pakiti kwanza

Mwezi uliopita nilikanda kilo mbili za unga jioni, nikafunika beseni kwa kitenge, nikalala. Alfajiri nikakuta unga uko palepale, umenuna. Hamira ilikuwa pakiti mpya ya nusu kilo, nimeinunua mtaa wa Birere, na tarehe yake haijapita. Kosa langu ni moja: sikuibonyeza.

Pakiti ya nusu kilo hufungwa ikiwa imenyonywa hewa yote, kwa hiyo lazima iwe ngumu kama tofali. Igonge kwenye meza ya muuzaji uisikie. Ikilegea chini ya kidole gumba na chembe zikacheza ndani kama mchanga, hewa imeshaingia, na unyevu hauko mbali. Tarehe haikuambii hilo. Angalia pembe hasa, ndipo pakiti zinaposuguana ndani ya magunia. Muuzaji atakukunjia uso. Muache akunje.

Namba moja yangu, na sifichi, ni SAF-Instant nyekundu ya nusu kilo. Lesaffre wa Ufaransa wanaoitengeneza wako kazini tangu 1853, na chembe zake ndogo unazichanganya moja kwa moja na unga mkavu. Kwa mandazi ya sukari nyingi tafuta ile ya dhahabu, maana sukari huinyang'anya hamira maji na nyekundu inazubaa. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu ni kama gramu 3. Kilo ya unga wa mkate inatosheka na gramu 10 au 11. Ukishafungua, mimina kwenye chupa kavu inayofunga vizuri, weka frigo.

Usipooka kila wiki, chukua vipakiti vya gramu 11. Ukipiga hesabu ni ghali, lakini unafungua kimoja tu. Jihadhari na maelekezo ya Marekani: "pakiti moja" yao ni gramu 7, yaani vijiko vya chai viwili na robo. Jirani yangu alimwaga gramu 11 zote kwenye nusu kilo ya unga, na huku kwetu, mita 1,500 juu ya bahari, unga huumuka mbio. Mkate ulinuka kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Zile za chembe nene loweka kwanza kwenye maji vuguvugu, na uongeze robo: penye gramu 10 za instant weka 12 na nusu. Maelekezo yakitaka hamira mbichi gramu 30, instant ni 10.

Ya kupimiwa kwenye kifuko sokoni, hapana. Mara nyingine ukisema "levire" tu, yaani hamira kwa Kifaransa cha sokoni, unapewa ile poda ya keki, ambayo haina uhai wowote.

Pakiti yangu niliirudisha. Muuzaji huyo bei anaitaja kwa dola, chenji anarudisha franka kwa kiwango cha kichwani mwake, na noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha anaikataa. Nikaomba kikombe, maji vuguvugu, sukari kidogo, nikatia kijiko cha hamira yake mbele ya wateja. Dakika 10, hakuna povu hata tone. Akachungulia kikombe, akaniambia: "Mama, hayo ni maji ya ziwa."