Taa ya kwanza kwa picha za watu: nunua ipi, acha ipi

Anayeanza kupiga picha za watu huuliza kwanza taa ina wati ngapi. Mimi nauliza ina upana gani, na inaweza kusogezwa karibu kiasi gani na anayepigwa picha. Ule ulaini wa mwanga wa dirishani unatoka hapo. Kwa ngozi nyeusi jambo hili ni zito zaidi: taa ndogo huacha doa jeupe kwenye paji la uso, taa pana hutandaza mng'ao uleule mpaka shavu likaonekana lilivyo.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni riflekta, yaani kitambaa cha kukunja cha kurudisha mwanga, upana sentimita 110, nayo haina hata waya. Mkalishe mtu dirisha likiwa ubavuni mwake, jua lisimpige moja kwa moja, kisha sogeza upande mweupe wa riflekta taratibu kwenye shavu lenye kivuli. Utaona giza la chini ya kidevu likipungua na nukta ya mwanga ikiwaka kwenye jicho la pili. Upande wa dhahabu uache, unapaka hata meno umanjano.

Ya pili ni flashi, pamoja na stendi, mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga na kiwashio cha redio kinachokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi iwake. Godox TT600 inatosha kabisa. Inatumia betri 4 za AA, hivyo umeme ukikatika kazi inaendelea, na kipokezi cha redio kimo ndani yake. Nguvu unapanga mwenyewe. Hilo nalipenda, maana ndipo unapojifunza. Anza na 1/16 ya nguvu yake yote, mwavuli ukiwa mita 1 kutoka usoni, juu kidogo ya macho. Kutoka mita 2 kuja mita 1, mwanga unaongezeka mara 4. Wenye Canon 250D au 4000D wawe macho: kamera hizo hazina pini ya katikati pale juu flashi inapochomekwa, na flashi hii ukiichomeka hapo haiwaki. Ukienda Kariakoo beba kamera yako, jaribu kabla ya kulipa. Beba pia kiroba cha mchanga cha kuning'iniza kwenye stendi ukipigia nje. Mwavuli wangu ulichukuliwa na upepo Coco Beach, ukaanguka na flashi, shingo ikavunjika.

Ya tatu, taa ya LED kama Godox SL60W na softboksi, lile kasha la kitambaa la kulainisha mwanga. Unauona mwanga kabla ya kupiga, na video unarekodi. Ila inataka soketi, na nje mchana haifui dafu mbele ya jua. LED yoyote utakayochagua, iwe na CRI, yaani kipimo cha usahihi wa rangi, 95 au zaidi, rangi ya ngozi isipotee.

Taa ya duara naiweka ya nne. Inafaa vipodozi, lakini inafuta vivuli na kuufanya uso bapa.

Kile kitaa kidogo cha kupachika juu ya kamera usinunue. Hela yake nunulia betri za kuchaji, seti mbili.