Basi ya stima Thika Road, miezi minne nikipanda kila siku

Mara ya kwanza nilipanda hii basi juu mvua ilikuwa inanyesha na ndiyo ilikuwa mbele kwa steji, sikujua hata ni ya stima. Nikakaa pale mbele karibu na dere, kile kiti ambacho kwa gari ya dizeli unafika mjini miguu imeiva na joto la injini, nikaona sakafu ni baridi tu. Mama mmoja nyuma yangu na kiondo chake cha sukuma akauliza, "Dere, mbona hatuendi, gari imezima?" na tulikuwa tushapita Roysambu. Konda akamwambia, "Tunaenda mathe, hii ndiyo sauti yake."

Sasa ni miezi minne. Sitataja sacco, yaani chama cha wenye magari, lakini watu wa Thika Road wataijua. Nauli ni ile ile ya zingine, viti viko sawa, unaweza kupokea simu bila kupiga kelele. Kubwa kwangu ni moshi. Kijana wangu ako na pumu, na zamani tukisimama tao nyuma ya magari yanayonguruma yakingoja kujaa, anakohoa mpaka usiku. Hii ikisimama hapo dakika ishirini haitoi chochote. Kwa mzazi hiyo si kitu kidogo jamani.

Lakini kilichonifanya niandike ni stori na msimamizi wao wa steji. Nilimuuliza mliamua aje kuingia kwa stima, ni mazingira ama? Akaniambia, "Mzee wangu, tulianza na hesabu." Septemba 2023 dizeli ilipita shilingi 200 kwa lita, gari inarudi jioni imejaza watu siku nzima na pesa yote imeenda petroli stesheni. Wakaangalia ule mpango ambao BasiGo, kampuni ya mabasi ya stima, walianza nao hapa Nairobi 2022: sacco inalipa bei ya basi bila betri, halafu inalipa kwa kila kilomita gari imetembea, na ndani ya hiyo pesa kuna betri, chaji na sevisi. Kwa hivyo shida ya betri ni ya mwenye betri, si ya sacco. Usiku ndio wanachaji, na tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya magari ambayo usiku ni nusu ya mchana, kwa sababu saa hizo watu wamelala na mvuke wa ardhini wa Olkaria, ule wa kuzalisha stima, bado unatoka tu. Karibu asilimia 90 ya stima yetu Kenya inatoka kwa mvuke, maji, upepo na jua, so hii basi haijahamisha moshi kutoka Thika Road kuupeleka kwingine.

Hapo ndipo niliona tofauti na kampuni nyingi ambazo zina mpango wa tabianchi. Soko la hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa kuripoti mambo ya mazingira 2021 na ni vizuri, na miti inayopandwa ni mizuri, hata mimi nimepanda. Ila kama malori ni yale yale, jenereta ni ile ile, na bajeti ya mafuta haijaguswa, biashara yenyewe haijabadilika. Hawa hawana ripoti, wako na kitabu cha hesabu, na ndani yake tabianchi iko kila siku kwa laini ya matumizi.

Kitu kingine alinionyesha ni yadi. Chaja zimewekwa juu ya saruji iliyoinuliwa mpaka kiunoni, nikadhani ni ya kuzuia wezi, kumbe mafuriko ya 2024 yaliingia hapo na wakaamua hakuna chombo cha stima kitakaa chini tena. Hiyo pia ni mipango, na wengi wanaisahau, wanafikiria kupunguza moshi pekee na mvua inakuja tu.

Sasa ubaya. Kuna jioni tulishushwa Allsops, chaji imeisha, hawakuwa wameongeza chaji mchana, tukangoja gari ingine karibu nusu saa kwa mvua na konda hakurudisha hata bob. Hiyo iliniuma sana na nilimwambia msimamizi. Akasema chaja iko upande mmoja tu wa ruti, ya pili wanangoja transfoma. Na gari ni chache, saa kumi na moja jioni laini inazunguka kona.

Kama uko na mtoto wa pumu kama mimi, ya saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi utapata kiti bila kusukumana. Ya saa moja usiijaribu.